Epoksi Yenye Nanotyubu za Kaboni: Mahali Inapofaa na Mahali Isipostahili Kulipiwa

Kwa sisi tunaotengeneza na kukarabati boti za faiba, epoksi iliyochanganywa na nanotyubu za kaboni si habari ya maabara tena. Inauzwa katika makopo mawili, moja la resini nyeusi tititi na jingine la kigumishi chenye umanjano hafifu, na kipeperushi chake kinadai kwamba ina nguvu mara tatu ya epoksi ya kawaida. Nimeitumia karakanani kwa kazi za ukarabati, hasa kwenye tezi, yaani sehemu ya nyuma, za boti za uvuvi na za abiria, na nimeilinganisha na epoksi ya kawaida ya boti iliyotumika kwa kazi zilezile. Sitataja chapa, kwa sababu mengi ninayoyaeleza hapa yanahusu aina nzima ya bidhaa hii, awe ameitengeneza nani. Hukumu yangu naitanguliza: nguvu mara tatu haipo, na kwa kiasi cha nanotyubu kinachotiwa humo haiwezi kuwepo, lakini inauchelewesha ufa kwa namna ambayo epoksi tupu haiwezi, na kwa kazi chache zilizo muhimu sana faida hiyo inatosha kuhalalisha bei yake.

Ili mtu aelewe kwa nini madai ya kipeperushi hayasimami, ni lazima ajue kwanza kilichomo ndani ya kopo. Nanotyubu ni tabaka la atomi za kaboni lililojiviringa likawa bomba jembamba mno, lenye kipenyo cha kuanzia nanomita moja hivi (sehemu moja ya bilioni ya mita) hadi makumi kadhaa, na urefu unaoweza kufikia mikromita nyingi. Zipo za ukuta mmoja, na zipo za kuta nyingi zilizopachikana moja ndani ya nyingine. Hizi za pili ndizo za bei nafuu na ndizo zinazotiwa kwenye epoksi nyingi za madukani. Sumio Iijima, mtafiti wa kampuni ya NEC nchini Japani, ndiye aliyezifanya zijulikane duniani mwaka 1991, ingawa Warusi Radushkevich na Lukyanovich walikuwa wamekwisha kuchapisha picha za nyuzi za kaboni zilizo wazi katikati tangu mwaka 1952. Mwaka 2000 Min-Feng Yu, Rodney Ruoff na wenzao walifaulu kuzivuta nanotyubu za kuta nyingi moja moja hadi zikakatika, ndani ya darubini ya elektroni, na wakapata kwamba ukuta wa nje unastahimili mvuto wa kati ya gigapaskali 11 na 63. Ukakamavu wake, yaani moduli ya Young, ulikuwa kati ya gigapaskali 270 na 950. Chuma cha pua kina takriban 200, na epoksi iliyokauka vizuri ina takriban 3 tu, huku nguvu yake ya kustahimili mvuto ikiwa megapaskali 60 hadi 80 (megapaskali elfu moja ndiyo gigapaskali moja).

Tarakimu hizo ndizo zinazowapa wauzaji ujasiri. Hata hivyo, uwezo wa nanotyubu moja iliyoshikwa kwa ncha zake zote mbili ndani ya darubini ni jambo moja, na uwezo wa epoksi iliyotiwa nusu ya asilimia ya nanotyubu hizo ni jambo jingine kabisa. Hesabu yenyewe haihitaji kompyuta. Nusu ya asilimia kwa uzito ni takriban theluthi moja ya asilimia kwa ujazo, kwa kuwa kaboni ni nzito kuliko epoksi. Tuzikadirie nanotyubu kwa ukarimu, tuseme zina moduli ya gigapaskali 1,000, zimenyooka zote, ni ndefu vya kutosha na zimeshikana na epoksi bila kuteleza. Kwa kuwa zimelala kila upande na si upande mmoja, ni kama sehemu moja ya tano tu ya ukakamavu huo inayofanya kazi katika mwelekeo wowote mmoja. Ukizidisha, unapata nyongeza ya gigapaskali 0.7 hivi juu ya zile 3 za epoksi. Hiyo ni kama asilimia 20 au zaidi kidogo, na ndiyo dari, kwa sababu nanotyubu halisi zimejikunjakunja, nyingine ni fupi, na nyingine zimesongamana. Anayeahidi mara tatu hajaipiga hesabu hii, au ameipiga akanyamaza.

Lipo na tatizo la kuta za ndani. Epoksi huushika ukuta wa nje peke yake, na kuta za ndani zinaweza kuteleza ndani ya ule wa nje bila kubeba mzigo wowote, kwa kuwa kinachozishikanisha ni mivutano dhaifu tu baina ya tabaka na tabaka. Linda Schadler na wenzake walilionyesha jambo hili mwaka 1998 kwa epoksi yenye asilimia 5 ya nanotyubu za kuta nyingi: ilipovutwa, moduli ilipanda kutoka gigapaskali 3.1 hadi 3.71, ilipogandamizwa, ilipanda kutoka 3.63 hadi 4.5, na vipimo vya mwanga vilidhihirisha kwamba mzigo huhamia kwenye nanotyubu vizuri zaidi wakati wa kugandamizwa kuliko wakati wa kuvutwa. Msomaji aizingatie asilimia hiyo 5, ambayo ni kubwa mara kumi ya ile iliyomo kwenye makopo yetu, na ambayo kwa fundi wa mkono ingeifanya resini isipakike kwa brashi.

Kazi ninayoiona kuwa na uzito zaidi kwa mnunuzi ni ile ya Florian Gojny, Karl Schulte na wenzao wa Chuo Kikuu cha Ufundi cha Hamburg-Harburg, Ujerumani, iliyochapishwa mwaka 2005, kwa sababu walilinganisha aina mbalimbali za nanotyubu ndani ya epoksi ileile na kwa njia ileile ya kuchanganya. Walitumia mashine ya roli tatu, ambamo resini hupita kwenye mwanya mwembamba kati ya roli zinazozunguka kwa kasi tofauti, na mafundo ya nanotyubu hufumuliwa kwa msuguano wa resini yenyewe. Aina iliyofanya vizuri kuliko zote ilikuwa ya kuta mbili, iliyoungwa vikundi vya amino juu ya uso wake ili ishikane na epoksi kwa vifungo vya kikemia. Kwa asilimia 0.5 tu, nguvu ya kustahimili mvuto iliongezeka kwa takriban asilimia 10, ukakamavu kwa asilimia 15, na ukinzani dhidi ya kuenea kwa ufa kwa asilimia 43. Tarakimu hizo tatu zinaeleza bidhaa hii kuliko kipeperushi chochote. Nyongeza ya nguvu ni ndogo kiasi kwamba fundi akikosea kipimo cha kigumishi kidogo tu ataipoteza yote, ilhali nyongeza ya kuzuia ufa ni kubwa na inaonekana kwa macho.

Kuonekana kwake ni hivi. Nilimimina vipande vyembamba vya epoksi ya kawaida na vya epoksi nyeusi katika ukungu mmoja, nikaviacha vikauke pamoja, kisha nikavikata kidogo ukingoni kwa msumeno na kuvivunja kwa kuvipinda. Kipande cha epoksi ya kawaida kilivunjika ghafla, na uso wake ulikuwa laini na wenye kung'aa kama kioo kilichopasuka, isipokuwa mistari michache karibu na pale msumeno ulipokata. Kipande cheusi nacho kilivunjika, tena hakikuhitaji nguvu kubwa zaidi kwa kadiri mkono ulivyoweza kuhisi, ila uso wake ulikuwa umefifia na kujaa makunyanzi madogo ambayo kidole kinayahisi. Makunyanzi hayo ni alama ya njia ya ufa: badala ya kukata moja kwa moja, ufa ulikuwa ukikwepa, ukigawanyika na kusimama. Kwa kiwango kisichoonekana kwa macho, nanotyubu zinazokatiza njia ya ufa huushikilia kama daraja, pande zote mbili, mpaka zing'oke kutoka kwenye epoksi au zikatike, na kila moja inayong'oka hula sehemu ya nishati ambayo vinginevyo ingeusukuma ufa mbele. Moja pekee hula kidogo sana; lakini katika kila milimita ya mraba ya njia ya ufa zipo nyingi mno.

Kwa boti, faida hii ni kubwa zaidi kuliko inavyoonekana kwenye jaribio la kuvunja mara moja, kwa sababu boti haivunjwi mara moja. Huchoka. Hubeba mzigo mdogo unaorudi tena na tena, na ufa husogea kidogo kidogo katika kila mzunguko. Timu ya Nikhil Koratkar na Catalin Picu wa chuo cha Rensselaer, Marekani, ilionyesha mwaka 2007 kwamba takriban asilimia 0.5 ya nanotyubu ndani ya epoksi inaweza kupunguza kasi ya kuenea kwa ufa wa uchovu hadi kiasi cha mara kumi. Wakaongeza jambo ambalo wauzaji hawalisemi: faida hiyo hupungua kadiri mzigo wa kila mzunguko unavyokuwa mkubwa, kwa kuwa ufa ukifunguka sana lile eneo la madaraja hupungua na nanotyubu hung'oka upesi. Huko Berkeley, California, Grimmer na Dharan walilijaribu jambo hilohilo kwenye mata tunayoifahamu sisi, yaani faiba ya kioo yenye epoksi, na mwaka 2008 wakaripoti kwamba asilimia 1 ya nanotyubu za kuta nyingi iliongeza idadi ya mizunguko kabla ya kuvunjika kwa asilimia 60 hadi 250, hasa pale mizigo ilipokuwa midogo na mizunguko mingi. Mzigo mdogo na mizunguko mingi ndiyo maisha ya boti yenye mashine ya nje.

Ndiyo maana tezi ndipo mahali pa kwanza nilipoitumia. Boti ya faiba inayobeba mashine ya nguvu za farasi 40 huumia kwanza kwenye ubao wa tezi, ambao kwa kawaida ni plaiwudi iliyofunikwa faiba ndani na nje. Propela inaposukuma, mguu wa mashine unaubana ubao chini na kuuvuta juu. Wimbi linapoiinua tezi na kuiachia, mzigo unageuka. Ufa mwembamba huanzia kwenye ukingo wa tundu la bolti, maji ya chumvi hupenya, plaiwudi huoza ndani kwa ndani, na mwenye chombo hugundua siku anapoona mashine inacheza mahali pake. Katika ukarabati, huwa tunakata mpaka tufike kwenye mbao kavu, tunaunga kipande kipya, na kuichonga faiba ya zamani kwa mteremko wa 12 kwa 1, yaani milimita 12 za mteremko kwa kila milimita moja ya unene, ili tabaka jipya lishike juu ya eneo pana. Matundu ya bolti yanatobolewa makubwa kuliko yanavyotakiwa, yanajazwa epoksi, na baada ya kukauka yanatobolewa tena kwa kipimo chake, ili bolti isiguse mbao hata kidogo. Epoksi nyeusi niliitia sehemu tatu tu: ndani ya matundu hayo, kwenye gundi ya kuungia ubao mpya na wa zamani, na kwenye kona ambamo ubao wa tezi unakutana na mbavu za boti. Tabaka za faiba zilizofuata zililowekwa kwa epoksi ya kawaida.

Nahodha mmoja aliyekuja kuichukua boti yake aliuliza, "Fundi, hii nyeusi ndiyo ya nguvu zaidi?" Nilimjibu kwamba si ya nguvu zaidi bali ni ya kukawia kupasuka, naye akaelewa mara moja, kwa sababu hakuna boti yake hata moja iliyowahi kuvunjika kwa pigo, zote zimeharibika kwa kuchoka. Sehemu nilizozitengeneza kwa njia hii zimefanya kazi baharini na zimerudi kwa matengenezo ya kawaida bila nyufa mpya kwenye matundu. Sidai kwamba hilo pekee ni uthibitisho, maana ukarabati mzuri kwa epoksi ya kawaida nao hudumu. Nasema linakubaliana na vipimo vya maabara nilivyovitaja.

Sasa niseme juu ya lile linaloamua kama bidhaa ni nzuri au mbaya, nalo ni mtawanyiko. Gramu moja ya nanotyubu za kuta nyingi ina uso wenye eneo la mita za mraba zaidi ya mia moja, na nyuso hizo zinavutana. Zikiachwa, zinajisokota na kuwa mafundo. Fundo la nanotyubu ndani ya epoksi halizuii nyufa, linazianzisha: resini haikuingia vizuri katikati yake, kwa hiyo mkazo hujikusanya pembeni mwake kama unavyojikusanya kwenye kiputo cha hewa. Epoksi yenye mtawanyiko mbaya inaweza kuwa dhaifu kuliko epoksi isiyo na chochote ndani yake, na hilo limepimwa mara nyingi. Kwa sababu hiyo namsihi kila fundi asinunue unga wa nanotyubu kwa nia ya kuukoroga mwenyewe kwa kijiti au kwa drili. Hautatawanyika. Hata maabara zinazotumia mawimbi ya sauti ya masafa ya juu hulazimika kujizuia, kwa kuwa yakizidi yanazikata nanotyubu zikawa fupi, na nanotyubu fupi hung'oka bila kufanya kazi kubwa. Kadhalika tindikali zinazotumika kuziunga vikundi vya kikemia zikitumiwa kupita kiasi huharibu kuta zake. Mtengenezaji mzuri huyasawazisha mambo haya kiwandani, na hicho ndicho unachomlipia.

Kipimo rahisi kinachoweza kufanywa dukani au karakanani ni cha kioo. Chukua tone la resini nyeusi kabla ya kutia kigumishi, liweke kati ya vipande viwili vya kioo safi, vikandamize mpaka tone litandazike jembamba kabisa, kisha vinyanyue kuelekea mwanga. Resini iliyotawanyika vizuri huonekana ya kijivu au ya hudhurungi, sawasawa kote. Iliyotawanyika vibaya huonyesha vidoa vyeusi vyenye uwazi kati yake. Kopo la kwanza nililofungua lilikuwa sawa. Jingine la bidhaa ileile, lililokuwa limekaa muda mrefu dukani, lilikuwa na vidoa, na kukoroga hakukuviondoa. Hili naliona kuwa dosari kubwa kuliko zote, kwa sababu kopo halikuwa na tarehe ya kutengenezwa, na mnunuzi wa kawaida hana njia ya kujua amepata lipi.

Wengine hupima kwa umeme. Mita ya fundi umeme ikiguswa kwenye kipande cheusi kilichokauka inaweza kuonyesha kwamba umeme unapita, jambo lisilowezekana kwa epoksi tupu. Watafiti wa Cambridge na Hamburg, akiwamo Jan Sandler, walionyesha mwaka 2003 kwamba hata asilimia 0.0025 ya nanotyubu inaweza kutosha kuunda njia ya umeme ndani ya epoksi. Kwa hiyo mita inaashiria kwamba nanotyubu zimo, lakini haisemi kitu juu ya ubora wa mtawanyiko, na mtu asiitumie kuamua kuhusu uimara. Uwezo huo wa kupitisha umeme una matumizi yake mazuri mahali pengine: Erik Thostenson na Tsu-Wei Chou wa Chuo Kikuu cha Delaware walionyesha mwaka 2006 kwamba ukinzani wa umeme hubadilika ufa unapoanza ndani ya mata, kabla jicho halijauona. Ningefurahi sana kuona siku moja ubao wa tezi unaojieleza hali yake kwa nyaya mbili. Bidhaa ninayoitathmini haikutengenezwa kwa hilo.

Katika kufanya kazi nayo, jambo la kwanza linalohisiwa ni uzito wake, yaani ugumu wake wa kutiririka. Nanotyubu huifanya resini iwe nzito hata zikiwa kidogo, na katika joto letu fundi hupata nafuu kiasi, kwa kuwa resini hulainika kadiri joto linavyopanda. Lakini joto hilohilo huharakisha ukaukaji, hivyo muda wa kupaka unapungua. Changanya kidogo kidogo, pima kwa mizani wala si kwa macho, na umimine mchanganyiko kwenye chombo kipana kisicho na kina, maana ukiuacha umejaa kwenye kikopo utachemka wenyewe. Viputo vya hewa vinavyoingia wakati wa kukoroga havitoki kwa urahisi katika resini nzito. Zaidi ya hayo, weusi unaficha kila kitu. Fundi anayeloweka kitambaa cha faiba kwa epoksi ya kawaida huona mara moja sehemu kavu, kwa sababu hubaki nyeupe; kwa epoksi nyeusi haoni sehemu kavu wala kiputo. Kwa kazi ya gundi na kujazia hilo si tatizo. Kwa kulowekea tabaka nyingi za faiba ni hatari, na ni sababu mojawapo ya mimi kutoipendekeza kwa kazi hiyo.

Wenye karakana zinazotumia pampu ya kunyonyea hewa, ambamo resini huvutwa ipite ndani ya vitambaa vikavu, wajihadhari hata zaidi. Vitambaa vilivyofumwa kwa karibu huchuja nanotyubu. Nilipojaribu kwenye kipande kidogo cha bapa, upande resini ilipoingilia ulikuwa mweusi, na kuelekea upande wa kutokea rangi ilififia hatua kwa hatua, hadi mwishoni faiba ikawa inaonekana. Bapa la namna hiyo lina nanotyubu nyingi mno upande mmoja na karibu hamna upande mwingine. Watafiti wa mata za ndege wamelikwepa tatizo hili kwa kuziotesha nanotyubu zikiwa zimesimama wima na kuzipachika kati ya tabaka na tabaka. Kikundi cha Brian Wardle katika chuo cha MIT, Marekani, kiliripoti mwaka 2008 kwamba njia hiyo iliongeza ukinzani dhidi ya kubanduka kwa tabaka mara 1.5 hadi 2.5 kwa ufa unaofunguka, na mara 3 kwa ufa unaoteleza. Hayo ni matokeo ya kupendeza, lakini si kitu kinachomiminwa kutoka kwenye kopo.

Jua nalo lina neno lake. Epoksi nyingi zinazokauka bila kupashwa moto huanza kulainika zikifika joto la nyuzi 50 hadi 60 za Selsiasi, na nanotyubu hazibadilishi hilo kwa kiasi kikubwa. Uso mweusi uliolala juani mchana kwenye pwani ya tropiki unaweza kuvuka kiwango hicho kwa urahisi. Kwa hiyo sehemu yoyote iliyojazwa epoksi hii na inayoonekana nje ni lazima ipakwe rangi nyeupe au rangi nyingine isiyovuta joto kabla chombo hakijarudishwa juani, na bolti zikazwe tena baada ya kukauka kabisa. Kipeperushi hakikuwa na hata neno moja juu ya jambo hili, ingawa bidhaa inauzwa kwa watu wa nchi za joto.

Nimeliweka suala la afya mbali na mengine ili lisipotee. Mwaka 2008 Craig Poland, Ken Donaldson na wenzao walionyesha kwamba nanotyubu ndefu za kuta nyingi, zilipoingizwa kwenye tumbo la panya, zilisababisha madhara yanayofanana na ya asbesto. Mwaka 2014 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliiweka aina moja mahususi ya nanotyubu za kuta nyingi katika kundi la vitu vinavyoweza kusababisha saratani kwa binadamu. Taasisi ya usalama kazini ya Marekani, NIOSH, ilipendekeza mwaka 2013 kwamba hewa anayovuta mfanyakazi kwa zamu ya saa nane isizidi mikrogramu moja ya kaboni hiyo kwa kila mita ya ujazo. Zikiwa ndani ya resini, nanotyubu haziruki, na hiyo ni sababu nyingine ya kuukataa ule unga. Hatari hurudi wakati wa kupiga msasa. Vumbi lake kwa sehemu kubwa ni chembe za epoksi zenye nanotyubu zilizoshikwa ndani, nyingine zikichomoza, na hilo halitoshi kumfanya mtu awe mzembe. Karakanani kwangu epoksi nyeusi hupigwa msasa ikiwa imeloweshwa maji, kwa barakoa yenye kichujio cha P3, na wanagenzi hawaruhusiwi kuifagia ikiwa kavu. Glavu ni lazima pia, kwa sababu ya kigumishi, ambacho huwaletea baadhi ya watu mzio wa ngozi usiopona.

Kuhusu bei, kopo dogo linagharimu mara kadhaa ya epoksi ya kawaida ya boti yenye ujazo uleule. Kujenga boti nzima kwa bei hiyo ni kupoteza fedha, kwa kuwa ukakamavu wa boti ya faiba unatokana na nyuzi za kioo na unene wa tabaka, wala si resini. Tabaka moja la ziada la kitambaa litakupa zaidi kwa gharama ndogo. Kwa kujazia matundu ya bolti, kugundishia ubao wa tezi, kuunga kona za mbavu na kukarabati mahali palipokwisha kupasuka mara moja, kiasi kinachohitajika ni kidogo na fedha inarudi. Anayetaka kununua amuombe muuzaji karatasi ya vipimo inayotaja asilimia ya nanotyubu kwa uzito, aina yake, njia iliyotumika kuzitawanya, tarehe ya kutengenezwa, na ukinzani dhidi ya ufa uliopimwa kwa sampuli yenye nanotyubu na isiyo nazo, kutoka resini ileile. Muuzaji asipokuwa na karatasi hiyo, nunua epoksi ya kawaida ya boti.